Tupeane uzoefu: MotoGP 2006, ubingwa ulidondokea wapi?

Kona ya Pili: Wadau, kuna mtu kaandika kwenye uzi mwingine kwamba MotoGP (mbio za pikipiki za dunia) 2006, Rossi wa Yamaha "aliteleza tu Valencia", mbio ya mwisho, akakosa ubingwa. Nimeshindwa kunyamaza. Mbio 17, Hayden wa Honda pointi 252, Rossi 247. Hayden kashinda mbio mbili tu, Assen na Laguna Seca, Rossi kashinda tano. Ndio msimu wa mwisho wa injini za cc 990 huo, mwaka uliofuata zikashushwa hadi 800. Kila mtu alete tukio moja analoona ndilo liliamua. Aje na namba, ushabiki auache mlangoni.

Gia ya Sita: Jerez. 26 Machi, mbio ya kwanza, kona ya kwanza. Toni Elias kachelewa kufunga breki, kamgonga Rossi, Rossi chini. Kainua pikipiki, kamaliza wa 14, pointi 2. Hayden wa tatu, 16. Pengo la pointi 14 hata matairi hayajashika moto.

Mzee wa Spoketi: Umemaliza kila kitu. Tufunge uzi.

Kichwa cha Silinda: Hajamaliza. Mnahesabu ajali mnaacha ugonjwa. M1, pikipiki ya Rossi, ilianza msimu ule na mtetemo. Gurudumu linaruka kama mara 20 kwa sekunde pikipiki ikiwa imelala kona. Watu wanadhani ni shokapu. Pikipiki ikishalala, kishindo cha barabara hakifuati tena mstari ambao shokapu inabonyea, kinaipiga kwa ubavu. Wa kukimeza ni fremu, ijipinde kidogo pembeni, pamoja na ubavu wa tairi. Fremu ikiwa ngumu kuliko tairi linavyotaka, hakuna wa kumeza, kila kitu kinatetema na dereva anabaki kupunguza mafuta katikati ya kona.

Ongeza hapo: Shanghai tairi la mbele la Rossi likameguka vipande, sifuri. Le Mans anaongoza, injini ikafa, sifuri. Laguna Seca injini tena, sifuri. Sifuri tatu na hakuna hata moja ya kuanguka! Baada ya Laguna alikuwa nyuma kwa pointi 51, zimebaki mbio sita.

Boda wa Ubungo: Dawa ya mtetemo ni kupunguza upepo tu.

Kichwa cha Silinda: Ukipunguza upepo ubavu unalegea na tairi linapata moto zaidi. Unaweza kuutoa mtetemo mbele ukaukuta umehamia nyuma.

Mzee wa Spoketi: Basi aongeze upepo 😂

Gia ya Sita: Mwenye pikipiki ya mtaani asiguse upepo. Aanze na bolti za kushikia injini, zikilegea nazo zinaleta mtetemo.

Leva Fupi: Mnaongea kama ubingwa ulikuwa wa watu wawili. Baada ya Mugello msimamo ulisoma hivi: Capirossi 99, Hayden 99. Sawasawa. Rossi yuko huko na 65.

Ikaja Catalunya, 18 Juni. Mnaujua ule mstari ulionyooka, unazidi kilomita moja, halafu wote wanabanana kwenye breki ya kona ya kwanza. Gibernau na Capirossi, wote Ducati, timu moja, ubavu kwa ubavu. Leva ya breki ya mbele ya Gibernau ikagusa pikipiki ya Capirossi. Hapo ndipo watu hawaelewi. Breki ya kaboni dereva anaipima kwa kidole kimoja au viwili. Leva ikisukumwa na kitu cha nje hakuna kidole cha kupima, gurudumu la mbele linafunga papo hapo. Pikipiki ikasimama kwa pua, ikapinduka hewani, Gibernau akarushwa. Capirossi kachotwa naye. Melandri chini. Pedrosa, Hopkins, de Puniet, wote wamo kwenye vumbi lile. Bendera nyekundu. Gibernau kavunjika mtulinga, na gari la wagonjwa lililombeba nalo likapata ajali njiani kwenda hospitali.

Mbio ikaanzishwa upya: Rossi 25, Hayden 20, Capirossi 0. Siku sita baadaye Capirossi kapanda Assen na maumivu yake, wa 15, pointi 1. Mwisho wa msimu ana 229. Mbio mbili, pointi moja, na bado kamaliza wa tatu duniani.

Boda wa Ubungo: Subiri. Gari la wagonjwa nalo??

Sahani ya Klachi: Nalo.

Mzee wa Spoketi: Hiyo sasa si mbio, hiyo ni kurogwa.

Gia ya Sita: Ndiyo maana siku hizi leva zote za MotoGP zina kinga mbele yake. Mwenye pikipiki afunge.

Leva Fupi: Asifunge zile za plastiki za mapambo. Zikivunjika zinaingilia leva hiyohiyo.

Boda wa Ubungo: Bora ya plastiki kuliko hakuna.

Leva Fupi: Si bora.

Kona ya Pili: Jamani, mada.

Sahani ya Klachi: Mada ni kwamba mnamlilia Rossi kana kwamba Hayden alikuwa anateleza kwenye siagi. Alipewa toleo jipya la RC211V ya Honda, injini ileile ya V5 (silinda tano) ila pikipiki ndogo zaidi, na klachi ikamtesa kwenye kuondoka. Mnajua inavyokuwa: injini juu, klachi imeachiwa nusu, sahani zinasuguana sekunde chache na moto wote unaishia humo. Zikipata moto sana zinapinda, na ile sehemu ya leva ambapo klachi inashika inahama. Dereva anaitafuta pale alipoizoea, haipo. Anapitwa na watu watano kabla ya kona, kisha anatumia mbio nzima kuwarudia. Brno wa 9. Phillip Island wa 5, Motegi wa 5. Pengo la 51 likayeyuka hadi 12.

Halafu Estoril, 15 Oktoba, mzunguko wa 5. Pedrosa, mwenzake wa timu, kaingia kwa ndani, tairi la mbele likamkimbia, wote wawili mchangani. Rangi moja, kambi moja! Toka uongozi wa 12 hadi nyuma kwa 8 mchana mmoja.

Gia ya Sita: Pedrosa alikuwa na haki ya kukimbia mbio yake.

Sahani ya Klachi: Haki anayo. Akili je?

Gia ya Sita: Valencia alimpisha Hayden. Deni kalipa.

Kichwa cha Silinda: Estoril hiyohiyo mmeruka kilicho kikubwa. Elias kamshinda Rossi kwa sekunde 0.002. Katoka Parabolica, kona ya mwisho, nyuma yake, kavutwa na upepo wake, kamchomoka kwenye mstari. Pikipiki ikiwa kwenye kilomita 250 kwa saa, 0.002 ni kama sentimita 14. Rossi 20 badala ya 25. Tano zilezile! Elias wa Jerez, Elias wa Estoril.

Boda wa Ubungo: Kwani angeshinda ingekuwaje? 252 kwa 252, wangegawana kombe?

Kichwa cha Silinda: Hawagawani. Pointi zikilingana wanahesabu ushindi. Rossi sita, Hayden wawili. Kombe la Rossi.

Kona ya Pili: Lakini Valencia alikuwa na kila kitu mkononi. Nafasi ya kwanza kwenye gridi, uongozi wa 8. Kaondoka vibaya, kashuka hadi wa saba, mzunguko wa 5 tairi la mbele likamtoroka kona ya pili. Kainuka, wa 13, pointi 3. Hapo Hayden akawa anahitaji nafasi ya nne tu. Ya tano ingemfikisha 247, wanalingana, anakosa. Kachukua ya tatu nyuma ya Bayliss na Capirossi. Bayliss mwenyewe alikuja mbio hiyo moja tu kushika pikipiki ya Gibernau, bingwa wa Superbike mwaka huohuo, kaongoza mwanzo mwisho.

Mzee wa Spoketi: Hakuna wa kumtaja Colin Edwards? Assen, kona za mwisho kabisa, anaongoza, Hayden kapitiliza kwenye kokoto. Mstari unaonekana. Edwards kakanyaga zile nyasi bandia za pembeni akiwa amefungua mafuta, nyuma ikamrusha, kamaliza wa 13. Hakushinda MotoGP maisha yake yote. Angebaki juu, Hayden 20 badala ya 25, anabaki na 247. Wanalingana! Kombe la Rossi. Nimewashika wote.

Kichwa cha Silinda: Hujashika. Rossi siku ile alikuwa na mkono uliovunjika kwenye mazoezi, kamaliza wa 8. Edwards akibaki juu, Rossi anasukumwa hadi wa 9, 7 badala ya 8. Hayden 247, Rossi 246.

Boda wa Ubungo: 😂😂😂

Mzee wa Spoketi: Nazima simu.