Shule za mkataba Marekani: nimpeleke mwanangu?

Mama Salma, Minneapolis: Ndugu zangu, salaam. Mwanangu amepata nafasi kwa bahati nasibu katika shule ya mkataba (charter school) iliyopanga ghala la zamani, lisilo na hata kiwanja cha michezo. Watetezi wa shule hizi husema kwamba uhuru wa kujiendesha huzifanya zifundishe vizuri zaidi. Je, ni kweli?

Jibu la kwanza: Dada, jimbo lako la Minnesota ndilo lililotunga sheria ya kwanza ya shule hizi mwaka 1991, na ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka 1992. Ni shule za umma zisizotoza ada, ila kila moja huendeshwa na bodi yake chini ya mkataba unaoweza kufutwa matokeo yakiwa mabaya. Uhuru huo wa kujiendesha ndio unaopiganiwa, nami nauunga mkono kwa dhati.

Jibu la pili: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Fedha za serikali humfuata mtoto anapohamia shule ya mkataba, ilhali shule ya kawaida aliyoiacha bado inagharimia paa lilelile na walimu walewale. Ndiyo hoja iliyosikika sana Massachusetts mwaka 2016, wapiga kura wa jimbo hilo walipokataa kuongeza shule za mkataba. Shule ya mkataba ya binti yangu ilifungwa katikati ya mwaka, akarudi nyumbani na madaftari yake ndani ya mfuko wa plastiki, akilia.

Jibu la tatu: Mama Salma, vikao vya bodi viko wazi kwa umma. Hudhuria kimoja, uulizie hesabu zilizokaguliwa, kabla hujatia sahihi.