Je, Gavana Gowers ndiye aliyekikwamisha Kiswahili Uganda?

Mtoa mada: Sir William Gowers alikuwa gavana wa Uganda tangu 1925 hadi 1932. Mwaka 1927 alitoa waraka akitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Lugha aliipatia, wakati ndio alioukosea. Mwaka huohuo London iliunda Tume ya Hilton Young kuchunguza uwezekano wa kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika. Mganda akitajiwa Kiswahili aliwaona walowezi wa Kenya wakiijia ardhi yake.

Wa Jinja: Nakupinga, ndugu. Hata angengoja miaka kumi angekwama. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na misheni walikuwa na Biblia nzima ya Kiluganda tangu 1896, pamoja na walimu waliozoea kufundisha kwa lugha hiyo. Kiswahili sanifu chenyewe kilikuwa bado kinapikwa: mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja 1928, Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930. Mtoto wa Lango, kule kaskazini, angesoma kitabu gani mwaka ule wa 1927?

Wa Gulu: Na ile hoja kwamba Kiswahili ni ndugu wa lugha zetu inaishia Ziwa Kyoga. Kiacholi, Kilango na Kiteso, za ng'ambo yake, si lugha za Kibantu. Huku wengi walikijulia kambini, katika KAR, jeshi la kikoloni, na polisi, kikawa lugha ya amri. Sifa hiyo bado inakiumiza.

Mtoa mada: La vitabu nakubali. Lakini tazameni waliokataa walisema nini. Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, 1929 hakulalamikia uhaba wa vitabu. Alipinga Kiswahili kuwa lugha rasmi mahali pa Kiluganda. Mwaka 1931 Serwano Kulubya, Omuwanika (mweka hazina) wa Buganda, alikwenda London kuupinga muungano mbele ya kamati ya Bunge. Hiyo ni siasa, ndugu zangu.

Wa Jinja: Siasa ilikuwapo, sikatai. Ila tangu 2005 Katiba, ibara ya 6, imekifanya lugha rasmi ya pili, kitumike kadiri Bunge litakavyotunga sheria. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe lazima msingi na sekondari. Kabaka hajazuia hilo. Kila wilaya ihesabu kwanza walimu wanaokimudu, iwafunze waliopungua, vitabu vifike darasani, mtihani uje mwisho. Kuanza na mtihani ni kurudia waraka wa Gowers.