Bila maiti, mtu ahukumiwe kwa mauaji?

Mleta mada: Ahukumiwe. Kesi ya John George Haigh, Uingereza, 1949, inanitosha. Alimpiga risasi Olive Durand-Deacon kwenye karakana huko Crawley, akamtumbukiza katika pipa la asidi ya sulfuriki, kisha tope lililobaki akalimwaga uani. Polisi walipomkamata akawauliza watathibitishaje mauaji bila maiti. Daktari wa uchunguzi wa vifo, Keith Simpson, aliinama pale uani akaokota kijiwe laini, kama cheri kwa ukubwa, kilichojificha kati ya kokoto. Kumbe ni kijiwe cha nyongo, kinachojijenga ndani ya mwili wa mtu. Tope lilipochambuliwa yakapatikana mafuta ya mwili ratili 28 (karibu kilo 13), kipande cha mguu wa kushoto na meno ya bandia. Asidi hula nyama na mifupa, ila mafuta huyeyuka kwa shida, na akriliki (plastiki) ya meno hayo ilikuwa bado haijalika. Daktari wa meno aliyeyatengeneza akayatambua. Mnataka nini zaidi?

Mchangiaji wa kwanza: Umechagua kesi nyepesi. Chipping Campden, mji mdogo wa Uingereza, 1660: mzee William Harrison alitoka kukusanya kodi, hakurudi. Ilipatikana kofia yake imekatwakatwa, na ukosi wenye damu. Mtumishi wake, John Perry, akasema mama yake na kaka yake ndio waliomuua. Wote watatu wakanyongwa 1661. Mwaka 1662 Harrison akarudi, mzima!

Mchangiaji wa pili: Lakini kilichowanyonga akina Perry ni maneno ya John. Ukosi wenye damu unaonyesha mtu kaumia, hauonyeshi kafa. Ratili 28 za mafuta ya mwili zinaonyesha kifo, hata mshtakiwa asipofungua mdomo. Sheria inadai uthibitisho kwamba kosa limetendeka. Haigh alidhani inadai maiti yenyewe.

Mchangiaji wa kwanza: Na Michael Onufrejczyk wa Wales? Mbia wake wa shamba alitoweka Desemba 1953, na hakuna hata kipande cha mwili kilichopatikana. Kulikuwa na matone ya damu jikoni, na maelezo ya mshtakiwa yasiyoshikana. Mwaka 1955 Mahakama ya Rufaa ikasema kifo chaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mazingira (dalili zinazozunguka tukio), ilimradi usiache maelezo mengine yenye mantiki. Adhabu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Kifungo nakielewa. Kitanzi kwa ushahidi wa namna ile sikikubali: mfungwa hufunguliwa aliyepotea akibisha hodi.