Nimekataliwa uhamisho wa kumfuata mume, nikienda mahakamani nitashinda?

BintiMilima
Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi zahanati ya kijiji, halmashauri moja huku magharibi, mwaka wa 6 huu kazini na nilishathibitishwa. Mume wangu ni mtumishi Morogoro, tumefunga ndoa 2022, mtoto ana mwaka na nusu na kifua kinamsumbua sana. Nimeomba uhamisho mara 2, ya kwanza kwa barua, ya pili kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi, na cheti cha ndoa nikaambatisha, Morogoro wamesema nafasi ipo ila mwajiri wangu kakataa, sababu eti upungufu wa watumishi, mstari mmoja tu basi. Upungufu huo nimeukuta na nitauacha, ina maana nisubiri mpaka nistaafu? Wanasheria naombeni msaada, usingizi sipati.

Babu Korosho
Pole binti. Mimi nilikuwa mwalimu Nachingwea, mama watoto yuko Musoma, miaka 7 tunaonana likizo ya Desemba tu, mtoto wa pili alinikimbia nilivyofika nyumbani akasema mgeni amekuja. Kilichoniokoa ni kubadilishana, nikapata mwalimu wa Mara aliyetaka kurudi kusini kwao, wakurugenzi wote wawili wakakubali kwa sababu hakuna aliyepungukiwa mtu. Tafuta muuguzi wa Morogoro mwenye kwao huko uliko. Mahakama achana nayo.

Wakili wa Mtaani
Dada, kisheria iko hivi. Uhamisho ni maombi, sio haki ya moja kwa moja, na mwajiri anaruhusiwa kuangalia ikama, yaani idadi ya watumishi kituo kinachotakiwa kuwa nao. Mahakama haitakaa kupima kama mume yuko mbali, itaangalia kama utaratibu ulifuatwa na kama sababu ulipewa. Halafu Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, inakutaka umalize kwanza njia za ndani ya utumishi kabla ya kukimbilia za sheria za kazi, kwa hiyo ukienda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, leo wanakurudisha mlangoni. Ukitaka mapitio ya mahakama, yaani mahakama iupitie uamuzi wa mwajiri, kibali unaomba ndani ya miezi 6 toka uamuzi. Ukitaka shauri la kawaida dhidi ya halmashauri, notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Sasa nijibu: barua ya kukataliwa ni ya lini, umeandika malalamiko wapi, na sasa hivi uko kituoni?

BintiMilima
Asante sana kaka. Majibu yalitoka mwezi wa 4. Malalamiko nilimpigia afisa utumishi, hapokei.

Chapati Mbili
Mume ndo ahame bana, huko magharibi kuna asali na karanga za kumwaga 😂

Mama Tunu
Mnacheka lakini mimi nilijifungulia zahanati ya nesi mmoja, saa 8 usiku, taa ya simu, asingekuwepo yule dada leo Tunu nisingekuwa naye. Binti akiondoka wale wanawake wanabaki na nani? Simlaumu, nauliza tu.

Wakili wa Mtaani
Kupiga simu sio malalamiko, andika. Na swali la tatu umeliruka. Uko wapi?

BintiMilima
Niko Morogoro. Niliomba ruhusa ya siku 7 kwa mfawidhi, kwa mdomo, mtoto alikuwa amelazwa. Zimeisha, leo siku ya 16 tangu ziishe. Lakini jamani ningemwacha mtoto na nani? Na wakili wa huku nimeshampa laki 4, amesema nisirudi nitaonekana nimekubali uamuzi. Kwa hiyo msiniambie nirudi.

Wakili wa Mtaani
Hilo ndo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza wa uzi wako. Utoro wa siku 5 bila ruhusa tu unatosha kukufukuzisha kazi. Ukifukuzwa hakuna tena uhamisho wa kugombania. Huyo wakili muombe huo ushauri akuandikie kwa maandishi na sahihi yake, uone.

Jicho la Tatu
Wakuu hii chai, stori ya kutunga. Machi ID hii hii ilikuwa inauza bodaboda na inajiita "kijana wa Mbagala". Leo ni nesi mwenye mume. Mods futeni.

Chapati Mbili
Duh, nimeleta na vitumbua kabisa.

Jicho la Tatu
Aweke picha ya barua basi.

BintiMilima
Akaunti alifungua mdogo wangu, bodaboda ilikuwa yake. Barua siweki, ina jina langu na check namba, mnataka nijulikane nifukuzwe haraka? Nimelia hapa tangu asubuhi, halafu mtu ananiita chai. Asiyeamini apite.

Babu Korosho
Hata kama ni chai, kuna watumishi wanasoma hapa wana tatizo hili hili, acheni majibu yakae. Binti, cheti cha hospitali cha mtoto unacho?

BintiMilima
Ninacho. Kadi na karatasi ya kuruhusiwa, vyote vina tarehe.

Wakili wa Mtaani
Safi. Andika barua ya maelezo leo hii, ambatisha hizo, eleza ruhusa ya mdomo na jina la aliyekupa, peleka mwenyewe masijala wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Ripoti kituoni siku hiyo hiyo. Malalamiko ya uhamisho yawe barua nyingine kabisa, usichanganye, nakala Katibu Tawala wa Mkoa.

Mama Tunu
Na mtoto usimwache.

BintiMilima
Mume anasema nisiende. Basi linaondoka saa 12 asubuhi, sijakata tiketi bado. Hiyo barua inaanza "Yah:" nini?

Wakili wa Mtaani
"Yah: Maelezo ya kutokuwepo kituoni." Njoo inbox tuiandike.