Ushauri wakuu: laina ya rangi kwenye mpini wa kisu, niweke nini isibanduke?

fundi_springi: Habari zenu wakuu. Natengeneza visu vya mkono hapa Moro, chuma ni springi za gari, mpini naweka mpingo, vile vipande wanavyobakiza wachonga vinyago. Sasa kuna mteja ana mgahawa kaniletea picha ya visu vya nje, kati ya chuma na mbao kuna kamstari kembamba kekundu, ndo laina yenyewe, kingine kana rangi ya brasi, anataka viwili hivyo hivyo. Cha brasi nimekifanyia majaribio kwa bati la nusu milimita na gundi ya epoksi ya dakika tano na ribiti mbili, kilitoka kizuri ila kimeoshwa oshwa wee upande wa mwisho brasi na mbao zimeachana, ukucha unapita. Hiyo nyekundu naipata wapi, na mpingo unashikwa na nini? Jamaa mmoja anasema niongeze ribiti tu.

Babu Tupa: Ribiti inabana pale ilipo, huko mwisho ni kazi ya gundi. Mpingo una mafuta yake kwa asili, epoksi inakaa juu juu tu. Kwangua uso wa kugundisha kwa msasa namba 80, futa kwa asitoni na kitambaa cheupe mpaka kisitoke weusi mwingi, ikikauka tu paka gundi hapo hapo, ukisubiri kesho mafuta yanapanda tena. Brasi nayo hivyo hivyo, msasa kwanza, ile kung'aa ya dukani ndo adui. Na hiyo ya dakika tano achana nayo, chukua inayokauka masaa 24.

mchana_mbao: Naongezea kwa Babu, msibane klampu kama mnakamua tui. Gundi yote inatoka pembeni, katikati panabaki pakavu, halafu mtu anasema epoksi feki. Bana ikutane tu.

kisu_cha_Gikomba: Niaje fundi, salamu kutoka Nairobi. Hiyo nyekundu wazungu wengi wanatumia faiba, ni karatasi ngumu iliyoshindiliwa, inapendeza na inajaza vile vinafasi vidogo kati ya chuma na mbao, lakini inakunywa maji na kufura. Kisu cha kuwinda sawa, cha hoteli kinacholala kwa sinki hapana. Mimi hutengeneza yangu: kitambaa chekundu cha pamba, hata kanga kuukuu, nalowesha epoksi safu mbili tatu, nalaza kati ya vioo viwili vilivyofunikwa nailoni, uzito juu, nangoja siku. Inatoka kabamba kagumu. Chagua nyekundu iliyowaka sana maana ikishanyonya epoksi inakuwa nzito, ile ya maruni itaonekana nyeusi kando ya mpingo na kazi yote imepotea.

fundi_springi: Hii ya kanga nimeipenda sana aisee. Sasa naanza kugundisha laina kwenye chuma au kwenye mbao?

Babu Tupa: Kwenye mbao. Kata laina kubwa kidogo kuliko mbao, gundisha, ikishakauka isugue juu ya kioo chenye msasa mpaka iwe bapa kabisa, ukiweka kwenye msuka, ule mkia wa chuma unaokaa ndani ya mpini, usione mwanga. Halafu toboa upande mmoja ukifuata matundu ya msuka, chomeka vijiti vya brasi, ndo utoboe upande wa pili. Na sikiliza hapa, ule mwisho wa mpini unaotazama makali umalize kabisa, umbo na kung'arisha, KABLA hujagundisha kwenye chuma, ukishagundisha msasa haufiki pale bila kuchubua kisu.

dada_wa_jikoni: Mie sio fundi ni mpishi tu, ila brasi na ndimu hazipatani, kile cha brasi mwambie mteja akifute kikauke, kitaota kijani pale kwenye mstari.

mchana_mbao: Dada kasema kweli. Pia fundi kwenye grenda nenda taratibu, brasi inabeba joto haraka na epoksi ikipata moto inalegea, labda hata hicho cha kwanza kilianzia hapo. Kikishindikana kushika kwa vidole simama, chovya maji. Mwisho mwisho maliza kwa tupa na msasa wa mkono, brasi ni laini kuliko chuma na mpingo mgumu, ukikandamiza sehemu moja inaliwa inabaki bonde.

fundi_springi: Asanteni sana wakuu. Kanga ipo, wife kashaninunia tayari. Asitoni nikikosa, thina ya rangi inafaa?

Babu Tupa: Thina nyingine zinaacha utando. Nenda duka la vipodozi uulize asitoni tupu, isiwe ile ya kufutia kucha yenye mafuta na manukato. Na vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha pua na la hiyo kanga yenye epoksi si la kuvuta.