Tapeti za tipa: fundi wa mtaani, fundi wa Dar au nijipimie mwenyewe?

KifusiMagharibi
Assalaam alaykum jamaa. Nna tipa langu la mchanga na kifusi, siku hizi linagonga juu ya injini, tak tak tak, zaidi likiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Kila anayepita anasema tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na roka, ule mkono unaoikandamiza. Nimebaki na njia tatu na sijui nishike ipi. Kuna fundi jirani yangu hapa Mwanakwerekwe, bei yake nzuri, anasema hahitaji fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, anafunga kwa sikio na jioni gari linarudi kazini. Kuna fundi wa Dar ninayemjua, huyo anakuja na vifaa vyake, lakini boti kwenda na kurudi juu yangu, pa kulala juu yangu, na ujira wake mbali. Au ninunue fila nifanye mwenyewe na turnboi (utingo) wangu. Nipo katikati ya kazi ya mtu Fumba, gari halitakiwi kulala. Nishaurini.

Spana17
Waalaykum salaam. Tipa gani? Injini gani? Silinda ngapi? Mara ya mwisho tapeti zimepimwa lini? Ukisema "tipa" peke yake ni kama kwenda duka la dawa ukasema "naumwa".

MzeeKonde
Na turnboi wako kashawahi kufungua roka kava, kile kifuniko cha juu ya injini, au ndiyo atajifunzia kwako?

TajiriWaMaili
Ungenunua Scania usingekuwa unauliza haya. Mie nna ya lita 12, valvu ya kuingiza hewa (inleti) milimita 0.45, ya kutoa moshi (ekzosi) 0.70, unapima ukifika muda wake, unasahau. Hizi za Kijapani kila siku juu ya gereji.

Spana17
Sheikh, Scania yako ina PDE, nozeli ya dizeli yenye pampu yake kwa kila silinda, na ukifungua kava kupima valvu na nozeli zenyewe zinapimwa kwa geji yake maalumu. Tena valvu ni nne kila silinda, na kuna daraja linalozikandamiza mbili mbili. Kwa hapa Unguja wanaoijua kazi hiyo sawasawa hawazidi wa kuhesabika. Tumuachie mwenye gari ajibu kwanza.

KifusiMagharibi
Samahani jamaa, nilikuwa Mahonda, mtandao shida. Ni Fuso. Ubavuni mwa injini imeandikwa 6D16, ina tabo (turbo). Tapeti sijui zimepimwa lini, nimelinunua hivi hivi. Turnboi kakaa gereji kabla ya kuja kwangu.

Spana17
Haya, sasa tunazungumza. 6D16 ni silinda sita kwa mstari, mpangilio wa kuwaka 1-5-3-6-2-4, na tapeti zake ni 0.40 inleti na ekzosi sawasawa, injini ikiwa imepoa. Imepoa maana yake imelala usiku kucha. Siyo umerudi Donge saa nane, ukanywa chai, ukafungua kava saa tisa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unazungusha krenki, shafti kuu ya injini, kwa spana, usitumie stata, mpaka alama ya 1-6 ikae pahala pake, yaani pistoni 1 na 6 ziko juu kabisa. Hapo tazama silinda ya 6: roka zake mbili zikiwa zinapishana, moja inapanda na nyingine inashuka, basi namba 1 ndiyo iliyofunga valvu zote. Unapima 1 zote mbili, 2 inleti, 3 ekzosi, 4 inleti, 5 ekzosi. Unazungusha mzunguko mmoja kamili, unapima zilizobaki: 2 ekzosi, 3 inleti, 4 ekzosi, 5 inleti, 6 zote mbili. Valvu kumi na mbili zimekwisha.

Wengi wanaharibu kwenye nati. Unaweka fila, unakaza bisibisi mpaka fila inaburuza kidogo, halafu unakaza nati ya kufungia na bisibisi inazunguka pamoja nayo bila wewe kujua. Ulipima 0.40, ukimaliza kukaza imebaki 0.30. Kwa hiyo shikilia bisibisi, kaza nati, kisha ipitishe tena fila. Ikigoma kupita, legeza uanze upya.

FundiSikio
Fila, fila, fila. Sisi tumefundishwa kwenye Bedford za gari za shamba, hakukuwa na fila wala nini. Unaiwasha, unashika roka, unasikiliza, unakaza mpaka inanyamaza, unalegeza kidogo. Gari zinafanya kazi miaka.

Spana17
Mzee wangu, kwa heshima zote, "mpaka inanyamaza" ndiyo inayounguza valvu.

MwanaWete
Hapo kwenye kunyamaza hebu nielezeni mie, maana yalitupata. Ami yangu alikuwa na Isuzu ya 6BG1, inabeba matofali na saruji kutoka Mkoani hadi Wete. Ikaanza kelele kidogo juu. Akaja fundi mmoja, jina lake siliweki hapa, akaifunga injini ikiwa ya moto, kwa sikio hivyo hivyo. Wallahi ilinyamaza ile gari ikawa kama haijawashwa! Ami akafurahi, akampa na cha soda juu.

Ikaenda vizuri mwanzoni. Halafu asubuhi ikawa nzito kuwaka, inatoa moshi mweupe na kutetemeka mpaka ipate moto. Wakasema nozeli. Nozeli zikatolewa, zikapelekwa kupimwa, zikarudi, hali ile ile. Wakasema pampu. Pampu ikashushwa. Siku moja kwenye mlima wa kutoka Chake, na mzigo, nguvu zikakatika, ikawa inafyatua kwenye ekzosi. Kufungua hedi (kichwa cha injini), valvu ya ekzosi ya silinda ya nne imeungua ukingoni, kipande kimeliwa kabisa, unaona mwanga ukiinyanyua. Ya pili yake nayo imeanza. Fundi wa mashine aliyezipokea hedi akasema neno moja tu: zilikuwa zinabanwa, hazikai chini. Valvu ya ekzosi inapoa pale inapokalia siti, moto wote unapita hapo kwenda kwenye hedi na maji. Ikikosa kukaa, moto haupati pa kwenda.

Sasa hedi ilibidi ivuke bahari, ikatwe siti, valvu mpya, gasketi ya hedi. Gari imelala, madereva wanadai, na mwenye saruji kampata mtu mwengine. Ami mpaka leo ukimtajia kufunga kwa sikio anaondoka barazani.

FundiSikio
Huyo alikuwa hajui kulegeza. Usilaumu njia kwa mtu mmoja.

MzeeKonde
Lakini 6BG1 nayo ni 0.40 baridi, iko kwenye kitabu chake. Kwa nini mtu akisie kitu ambacho kimeandikwa?

HowoBaba
Mimi siku zote Howo. WD615, inleti 0.30, ekzosi 0.40, kila silinda na hedi yake. Ikiungua valvu unafungua hedi moja, hizo nyengine huzigusi. Vipuri tele na bei ndogo. Nakushauri uza hiyo Fuso.

Spana17
Jamaa anauliza tapeti wewe unamuuzia gari. Ila umenikumbusha jambo: KifusiMagharibi, muulize fundi wako amezoea gari gani. Wapo waliozoea Howo wanaweka 0.30 kwenye inleti ya kila gari wanayoikuta.

BintiKarakana
Mie nna wasiwasi tofauti. Nani kasema ni tapeti? Mlio wa tapeti unakwenda na kamshafti, shafti inayosukuma valvu, yaani nusu ya kasi ya krenki, ni mwepesi na unasikika juu. Nozeli mbovu nayo inagonga na watu wanaichanganya. Kwenye 6D16 ya pampu ni rahisi kujua: injini ikiwa sailensa, legeza nati ya bomba la chuma la dizeli kwenye nozeli moja moja, huku ukijikinga macho na mikono, kwani ile dizeli inatoka kwa nguvu. Ukilegeza ya silinda fulani mlio ukapotea, tatizo liko kwenye silinda hiyo na pengine ni nozeli. Ukilegeza zote moja moja na mlio haubadiliki, ndipo uende kwenye tapeti.

Na ukifungua kava, tazama ncha za roka kabla ya fila. Ncha ikishaliwa ikawa na shimo, fila inakaa juu ya kingo za shimo, inakwambia 0.40 na kumbe ndani nafasi ni kubwa kuliko hivyo. Utapima mara ngapi na itaendelea kugonga. Pushrodi, vile vijiti vinavyosukuma roka, nazo zitoe, zizungushe juu ya kioo, iliyopinda itajionesha.

Kaka, inagonga asubuhi tu au hata ikipata moto? Oili ulibadilisha lini na umeweka ipi?

KifusiMagharibi
Asubuhi zaidi, ikipata moto inapungua lakini haishi. Oili ni ile ya pipa ya pale ninapojaza siku zote, sikumbuki namba.

BintiKarakana
"Ya pipa"! Haya.

TajiriWaMaili
Hapo ndipo penyewe. Weka 15W-40 ya kopo lililofungwa, nusu ya kelele itaondoka.

HowoBaba
Oili nzito ndiyo inayofaa kwa joto letu. Mie naweka 40 tupu miaka yote.

TajiriWaMaili
Ndiyo maana Howo yako tunaisikia tangu Daraja Bovu.

MwanaWete
😂😂

Spana17
Turudi. Njia zako tatu: wa sikio mimi namfuta. Wa Dar kwa 6D16 ni gharama isiyo na sababu, hii si injini ya kompyuta. Kama turnboi kweli kakaa gereji, fila ni bei ndogo, asubuhi moja mnamaliza. Ila nunua gasketi ya roka kava kabla hujafungua. Usikubali mtu apake silikoni juu ya gasketi kongwe, vipande vinaanguka kwenye oili na mwisho wake ni kwenye chujio la pampu ya oili.

MzeeKonde
Siafiki. Turnboi "kakaa gereji" si fundi. Mlete wa Dar, na huyo kijana asimame pembeni atazame. Mara ya pili atafanya mwenyewe.

BintiKarakana
Afanye kwanza jaribio la nozeli. Huenda hata kava halifunguliwi.

KifusiMagharibi
Ahsanteni sana. Kesho siwezi, nna trip za mapema, mchanga wa Pangatupu ukikosa zamu ya asubuhi umekosa siku. Labda Ijumaa baada ya sala.

Spana17
Ijumaa baada ya sala injini itakuwa imepoa kama haikutoka asubuhi. Itatoka?

MwanaWete
Hivyo mchanga Unguja bado ni wa zamu? Sisi huku Pemba tunasikia tu. Kibali mnakifuatia siku ngapi?

HowoBaba
Usimuulize hayo, utamtoa machozi. Mie wiki iliopita nimepanga foleni na gari mbili, moja ikarudi tupu.

TajiriWaMaili
Na kuna anayeuza mchanga wa kusaga mawe sasa, umewahi kuutumia mtu? Nasikia kwa lipu haufai ila kwa zege ni mzuri.

HowoBaba
Nani kakwambia haufai kwa lipu? Inategemea na fundi anavyouchekecha.

BintiKarakana
Fungueni mada yenu jamani, hapa pa injini.

MzeeKonde
Kwani huyo anayesaga mawe yuko wapi? Mie natafuta wa zege la msingi.