Vidole vinagoma kusuka asubuhi, nifunge saluni?

MsusiWaNyegezi: Habari zenu wakuu. Mimi ni msusi hapa Mwanza, miaka 34. Mwaka juzi nilipimwa damu nikaambiwa nina baridi yabisi. Nikiamka vidole vya mikono yote miwili vimekaza, mpaka saa nne ndiyo vinalegea. Msuko wa twende kilioni tu wa mtoto wa shule unanichukua saa mbili. Naombeni ushauri: nichulie mafuta gani? Au nifunge saluni nihamie kwenye mitumba? Matusi hapana, tafadhali.

BelaMoja: Mitumba, dada. Wife alianza na belo moja la nguo za watoto, leo ana kibanda. Ila makoti usiguse, yatakuozea.

Shangazi Mkali: Mnaosha vichwa vya watu kwa maji ya baridi kutwa nzima, halafu mnashangaa baridi imeingia kwenye mifupa. Sisi tuliambiwa tukiwa wadogo.

Mzee wa Ferry: Pole binti. Mimi lilinishika kidole gumba cha mguu usiku wa harusi ya mpwa wangu, hata shuka likigusa napiga yowe. Acha nyama choma, utanishukuru.

Nesi wa Zamu: Mzee wangu, hiyo yako ni jongo, ugonjwa mwingine kabisa. Na Shangazi, jina tu ndilo lina baridi. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili inaushambulia utando laini unaozunguka kiungo. Utando unavimba, unanenepa, unaanza kutambaa juu ya gegedu na kula pembeni ya mfupa. Seli za kinga zinamwaga kemikali kama TNF na IL-6, na humo humo inatoka nyingine, RANKL, inayoziamsha osteoklasti. Hizo ni seli ambazo kila mtu anazo, kazi yake halali ni kubomoa mfupa uliochakaa ili ujengwe upya. Hapa wabomoaji wanaongezwa na mafundi ujenzi wanafungiwa geti. Mafuta ya kuchua hayafiki huko. Dada, unatumia dawa gani?

MsusiWaNyegezi: Za kawaida tu.

Nesi wa Zamu: Za kawaida zipi? Hukuanzishiwa methotreksati, ile dawa ya kuituliza hiyo kinga?

MsusiWaNyegezi: Nilianzishiwa, ile ya mara moja kwa wiki. Niliiacha Machi. Mteja wangu alisoma kikaratasi cha ndani akakuta ni dawa ya saratani, na kichefuchefu kilikuwa kinaniua. Sasa hivi natumia unga wa mitishamba, kijiko cha chai kila asubuhi. Siku ya pili tu nilisuka vichwa vitatu! Na nimeshalipia makopo manne, siwezi kuyatupa. Nilichouliza ni mafuta.

Mchambuzi Huru: Nilikuwa naisubiri hiyo. Chai, stori ya kutunga! Ukurasa unaofuata inakuja namba ya simu ya mwenye unga. Wasimamizi, fungeni uzi.

Kijana wa Igoma: Chai yenyewe haina hata majani. Vidole vinagoma kusuka ila aya nzima vinachapa?

MsusiWaNyegezi: Anayechapa ni mwanangu wa darasa la sita, mimi nasema tu. Namba ya mtu sitoi, hata mkiniomba. Ningekuwa nauza ningewaambia nimepona, na sijapona. Kufuli la saluni nazungusha ufunguo kwa viganja viwili. Kifundo cha mkono wa kulia bado kimevimba. Kilichobadilika ni uso, umejaa, wateja wanasema ndoa imenikubali.

Shangazi Mkali: Kwa hiyo mume anakulisha vizuri, unalalamika nini?

Nesi wa Zamu: Shangazi subiri. Dada, huo uso ndio unanitisha. Unga unaotuliza maungio kwa siku moja na kujaza uso, nashuku una steroidi ndani, kama deksamethasoni. Imeshakutwa kwenye "mitishamba" ya namna hiyo. Uvimbe inaupoza kweli, lakini ukiitumia muda mrefu nayo inapunguza mfupa. USIIACHE GHAFLA, mwili unaweza kuzimia njiani. Nenda na kopo hospitali ya rufaa, sema ukweli wote, upigwe eksirei ya mikono. Mfupa ulioliwa haurudi kama zamani. Methotreksati ya saratani ni dozi kubwa mno, ya maungio ni miligramu 7.5 mpaka 25 kwa wiki, na asidi ya foliki inasaidia kupunguza kichefuchefu. Kama unatafuta mtoto mwambie daktari kabla, hiyo haiendi na mimba.

Mchambuzi Huru: Sawa, namba haijaja. Nimekaa pale.

MsusiWaNyegezi: Jumatatu huwa sifungui, nitaenda. Hilo la mtoto nitaongea na daktari mwenyewe, hapa anachapa mwanangu. Kopo la nne bado lina lakiri, hela yangu nitarudishiwa na nani?

BelaMoja: Dada, belo unalitaka au nimpe mwingine?